Bibi na Ngoma ya Arusi

Tarumbeta zikilia kwenye sikukuu ya mavuno huku Meru, miguu haitulii. Baadhi ya nyimbo zile alizitunga Martin Luther, aliyefariki mwaka 1546. Wamisionari wa Leipzig walizipandisha mlimani, wakafungua kituo cha Nkoaranga mwaka 1902. Hizo tumezitunza. Ngoma za bibi zetu tuliambiwa ni za kipagani, ingawa Luther mwenyewe, akihubiri juu ya arusi ya Kana, hakuona dhambi katika kucheza kwa heshima.

Juzi binti yetu alimwomba bibi yake amfundishe ngoma ya arusi. Bibi akasema amesahau. Usiku tulimsikia jikoni akiimba taratibu, miguu ikigonga sakafu. Kesho tutamtuma binti tena, na sukari kilo moja.