Mtoto aliyeungua akinyamaza



Wiki hii ninaandika kwa ruhusa ya mama jirani yetu. Mtoto wake wa miaka 2 alivuta sufuria ya mawese yaliyochemka juu ya mbabula. Mafuta yalimwagika kwenye mkono. Tulimpaka dawa ya meno. Alilia sana, kisha akanyamaza. Tukasema: asante Mungu, uchungu umepungua. Tulijidanganya. Kesho yake munganga alipoosha kidonda, katikati kulikuwa kweupe. Moto ulikuwa umeua hata mishipa ya kusikia uchungu. Leo mtoto ni mzima, lakini kiwiko chake hakinyooki.

Basi tujifunze kutofautisha:

Daraja la 1: ngozi ni nyekundu, inauma, haina malengelenge. Inapona baada ya siku chache.

Daraja la 2: kuna malengelenge yenye maji na uchungu mkali.

Daraja la 3: ngozi ni nyeupe, ya kahawia au nyeusi, imekauka, haiumi. Hii ndiyo mbaya kuliko zote.

Mtoto akiungua, mtoe kwenye moto, mvue nguo na bangili. Nguo iliyoshikamana na ngozi usiivute. Mwagia kidonda maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Hata kama saa 2 zimepita, maji bado yanasaidia. Sehemu nyingine za mwili zifunike asipate baridi. Usipake dawa ya meno, mawese, yai wala majivu. Usitoboe malengelenge. Funika kidonda kwa kitambaa safi.

Halafu pima kwa kiganja cha mtoto mwenyewe, pamoja na vidole. Hicho ni karibu sehemu 1 kati ya 100 za mwili wake. Kidonda kikizidi kiganja hicho, au kikiwa usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Daraja la 3, hata likiwa dogo, nenda. Mtoto wa chini ya mwaka 1, nenda. Mkiwa Lubunga, msingoje giza, maana kuvuka mto usiku si rahisi. Ulizeni pia chanjo ya pepopunda.

Kwenye mkutano wenu, tafadhali someni haya kwa sauti, wamama wasiosoma nao wasikie.