Bahasha ya mchango ifunguliwe na watu wawili

Mashirika ya hisani ya Njoro yanajua kuomba. Yanaandika maombi ya ufadhili yaliyonyooka, yanapiga picha za matangi ya maji na madarasa mapya, na wageni kutoka ng'ambo wakija hupokewa kwa nyimbo. Shida iko kwenye kupokea. Barua inatoka posta, inafika ofisini, ndani mna hundi. Tangu hapo hadi fedha ziingie benki, ofisi nyingi ndogo haziwezi kukuonyesha kwa maandishi hundi hiyo ilipitia mikono ya nani.

Kuna watakaotucheka kwamba bado tunazungumzia hundi wakati M-Pesa ipo tangu 2007. Hundi haijafa. Kwa miaka mingi basari za NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneobunge, zimefika shuleni kwa hundi. Makanisa na vyama vya wahisani vya ng'ambo navyo vina wazee wasioamini kitu kingine. Uingereza ilitangaza mwaka 2009 kwamba ingezifuta hundi ifikapo 2018, lakini mwaka 2011 mpango huo ukatupwa, na miongoni mwa waliopiga kelele walikuwa wazee na mashirika ya hisani yenyewe. Mtoaji ndiye huchagua njia ya kutoa. Kazi ya mpokeaji ni kuwa tayari.

Tuanze na ufunguo. Kwetu barua haziletwi mlangoni. Zinangoja kwenye sanduku la posta. Mwenye ufunguo ndiye wa kwanza kujua kilichokuja. Sasa uliza: ufunguo wa sanduku lenu uko kwa nani? Mara nyingi uko kwa mkurugenzi, au kwa kijana wa mkono anayetumwa na bodaboda siku akipita mjini. Kuna masanduku ambayo hata si ya shirika. Ni ya mwanzilishi, yanapokea barua za shirika, za shamba lake na za kanisa lake kwa pamoja. Hapo hatuhitaji kumshuku mtu yeyote. Hundi inaweza kupotea kwa uzembe tu, ikakaa mwezi mzima chini ya kiti cha gari.

Utaratibu unaofaa hauhitaji mashine wala mtaalamu. Sanduku lifunguliwe siku zinazojulikana. Bahasha ziletwe ofisini zikiwa zimefungwa, na zifunguliwe mezani na watu wawili. Kila kilichomo kiandikwe papo hapo kwenye daftari lenye kurasa zilizopigwa nambari: tarehe, jina la mtoaji, benki, nambari ya hundi, kiasi, na mchango ni wa kazi gani. Wote wawili watie saini. Kisha hundi ipigwe muhuri nyuma wenye jina la shirika na nambari ya akaunti, na kama haina ile mistari miwili ya sambamba usoni, ichorwe, yaandikwe na maneno ya kuagiza kwamba fedha ziingie kwenye akaunti ya aliyeandikiwa peke yake. Nakala ibaki faili. Hundi iende benki siku hiyo au kesho yake. Nakuru haifiki kilomita 20. Hakuna sababu ya hundi kulala droo wiki mbili.

Wakulima wa Njoro wanaujua mtindo huu kuliko sisi wahariri. Mwenye ng'ombe wawili akipeleka maziwa kwenye ushirika, hataki kuambiwa yataandikwa baadaye. Yanapimwa mbele ya macho yake, kilo zinaandikwa kwenye kadi, na anaondoka na kadi yake. Mtu huyo huyo akichaguliwa mweka hazina wa kikundi, anaacha vipi hundi ya laki mbili ikae bila hata mstari mmoja wa maandishi?

Wakati wa kuandika ndio wakati wa kuitazama hundi yenyewe. Jina liwe lile lililosajiliwa, lisiwe la utani ambalo wageni wamelizoea. Kiasi cha tarakimu kilingane na cha maneno. Hundi ya shilingi inayozidi milioni moja haipiti; Benki Kuu ya Kenya iliweka kikomo hicho Oktoba 2009. Tarehe nayo ina mtego wake. Mmarekani huandika mwezi kabla ya siku. Hundi yake yenye 04/09 ni ya tarehe 9 Aprili, lakini karani wa hapa ataisoma kuwa ya Septemba na kuiweka kando ikomae. Septemba ikifika, karibu miezi mitano imekwisha, na benki kwa kawaida huikataa hundi iliyopita miezi sita. Hundi ya dola nayo huchukua wiki kadhaa kukusanywa kutoka ilikoandikiwa, na ada huweza kumeza mchango mdogo. Ni bora kumwambia mtoaji mapema atume moja kwa moja kwenye akaunti.

Kuna na utapeli mmoja ambao umezunguka dunia nzima. Mhisani msiyemjua anatuma hundi kubwa kuliko alivyoahidi, kisha anaandika kwa haraka na unyenyekevu kwamba amekosea, mrudishieni ziada. Mkishatuma, hundi inarudi kuwa ni bandia na pesa zenu zimekwenda. Msirudishe hata shilingi kabla benki haijathibitisha kwamba fedha zimeingia kikamilifu.

Si kila bahasha ina hundi. Nyingine ina ilani ya mamlaka ya kodi yenye siku za kujibu, na siku hizo hazingoji mkurugenzi arudi kutoka Nairobi. Kwenye makao ya watoto na miradi ya ufadhili wa karo huja barua za watoto kutoka kwa wafadhili wao, wakati mwingine zikiwa na noti ya dola 20 iliyokunjwa ndani ya kadi ya Krismasi. Noti hiyo ni ya mtoto aliyetajwa. Iandikwe kwa jina lake siku hiyo hiyo, na mfadhili ajulishwe imefika. Barua hizo pia zinabeba habari za maisha ya mtoto, hata za afya yake, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda. Hazifai kuachwa wazi kwenye meza ya mapokezi.

M-Pesa ichukuliwe vivyo hivyo. Mchango unaotumwa kwa nambari ya simu ya mwenyekiti ni sawa na hundi iliyoandikwa kwa jina lake. Shirika liwe na nambari yake ya malipo iliyounganishwa na akaunti ya benki, na nambari hiyo ndiyo ichapishwe kwenye kadi za michango. Ujumbe wa simu si risiti. Kila mtoaji, wa shilingi 500 au wa laki tano, apewe risiti ya shirika yenye nambari.

Tunajua jibu linalokuja: sisi ni watu watatu tu, na tunaaminiana. Watatu wanatosha. Wawili wafungue barua na kuandika, mmoja wao apeleke benki. Wa tatu, ambaye hakugusa hundi, alinganishe daftari na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi. Mkiwa wawili, mjumbe mmoja wa kamati aje asubuhi moja kwa wiki. Ama kuaminiana, ndiko hasa kunakohitaji daftari. Karani mwaminifu ambaye hakuna aliyeshuhudia akifungua bahasha hana cha kujitetea nacho siku mtoaji atakapouliza hundi yake ilikwenda wapi. Tumeona wafanyakazi wema wakiondoka kazini na doa lisilofutika kwa sababu tu hakukuwa na saini ya pili.

Sheria nayo imebadilika. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa 2013, ikakaa kabatini miaka 11 (serikali zetu hazina haraka na mambo ya namna hii), hatimaye ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Inayataka mashirika kuweka vitabu vya hesabu na kuwasilisha ripoti kila mwaka. Mkaguzi anaweza kukagua kilichoingia benki. Ambacho hakikufika huko hawezi kukiona, isipokuwa kuna daftari la barua.

Kwa hiyo neno letu ni kwa wanakamati, si kwa makarani. Katika kikao chenu kijacho, msianze kwa kuuliza salio ni ngapi. Ombeni daftari la barua na taarifa ya benki ya mwezi uliopita, viwekwe mezani pamoja, na mmoja wenu asome kwa sauti mstari kwa mstari. Kama daftari halipo, linunuliwe kesho asubuhi, na ufunguo wa sanduku la posta urudi ofisini.