Kitunguu Saumu na Vidonda vya Tumbo

Mtu anapougua vidonda vya tumbo, mashauri humfikia kabla hajamfikia daktari. Huyu humwambia atafune kitunguu saumu, yule humletea unga wa majani, na mwingine humwapia kwamba asali pekee yatosha. Mashauri hayo hutolewa kwa nia njema, wala si haki kuyadharau yote. Lakini hayana budi kupimwa kwa kipimo kile kile kinachopimia dawa za hospitali.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba vidonda hivyo huletwa na wasiwasi, pilipili na wingi wa asidi. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kukuza maabarani bakteria waliotoka katika matumbo ya wagonjwa. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe mchuzi wenye bakteria hao, akaugua. Wataalamu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo, Helicobacter pylori, hutoa kimeng'enya kiitwacho yurease, ambacho huvunja yurea na kutoa amonia. Amonia hupunguza ukali wa asidi inayomzunguka, naye hujipenyeza ndani ya ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo na kutulia humo.

Sahani ya maabara haina ute huo. Ndiyo maana maji ya kitunguu saumu huua bakteria katika sahani, lakini watu walipolishwa kitunguu hicho katika jaribio dogo lililotangazwa Marekani mwaka 1999, bakteria hawakutikisika. Huko Japani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watu walikula gramu 70 za machipukizi ya brokoli kila siku kwa wiki 8. Dalili za kuwapo kwa bakteria zilipungua. Walipoacha kula, zilirudi. Mmea uliwadhoofisha bakteria bila kuwamaliza, na bakteria aliyebaki huzaana.

Je, mimea haina kazi? Inayo, ila si ile inayotangazwa sokoni. Katika wilaya ya Linqu, China, ambako saratani ya tumbo imewaua wengi, jaribio la watu 3,365 lilianza mwaka 1995. Baadhi yao walipewa amoksisilini na omeprazoli kwa wiki 2; wengine walipewa vitamini, au vidonge vya kitunguu saumu, kwa zaidi ya miaka 7. Matokeo ya miaka 22 yalitolewa mwaka 2019: waliotibiwa kwa kiuavijasumu walipatwa na saratani hiyo kwa uchache zaidi, na vifo vilivyotokana nayo vilipungua pia miongoni mwa waliotumia vitamini na waliotumia kitunguu. Faida ya kitunguu, basi, ilikuja polepole kama faida ya chakula bora, na haikuchukua nafasi ya kiuavijasumu.

Hatari iko kwa mgonjwa anayeona nafuu siku ya tano, akatupa vidonge na kubaki na mizizi. Nafuu hiyo huenda imeletwa na dawa ya kupunguza asidi tu. Bakteria waliosalia ni wale waliostahimili zaidi, na tiba ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza. Shirika la Afya Duniani liliwataja mwaka 2017 Helicobacter wasiosikia klarithromaisini miongoni mwa bakteria wanaohitaji dawa mpya. Hatari nyingine ni ya kikemia, na mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuielewa: tetrasaiklini hushikamana na kalsiamu na chuma, kisha hainyonywi vizuri mwilini. Unga wa majani wenye madini hayo, ukinywewa pamoja na kidonge, huiba sehemu ya dawa.

Daktari anayemkemea mgonjwa kwa ajili ya miti shamba humfundisha kuificha tu. Afadhali aulize kwa upole ni mmea gani, kiasi gani na saa ngapi. Naye mgonjwa amalize dozi yake, ambayo kwa kawaida huwa ya siku 10 hadi 14, kisha angoje angalau wiki 4 baada ya viuavijasumu, na wiki 2 bila omeprazoli, ndipo apimwe pumzi au choo. Kipimo kikifanywa mapema kuliko hapo, bakteria waweza kuwapo na wasionekane.