Kunde za Malaba na mwamba wa Kakapel

Mama anayevusha magunia ya kunde na wimbi kutoka Tororo kwenda Malaba huonyesha cheti cha asili ya bidhaa, kisha hupita. Asili yenyewe iko karibu kuliko anavyodhani: Kakapel, Teso Kaskazini, Kaunti ya Busia.

Watafiti, wakiwamo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichimba chini ya mwamba ule wakapata mbegu zilizoungua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kunde za miaka 2,300 hivi iliyopita, kongwe kuliko zote zilizopimwa umri Afrika Mashariki. Wimbi na mtama vilifika baadaye, kama miaka 1,000 iliyopita. Mwamba wenyewe una michoro ya ng'ombe na ya miduara, na miduara hiyo ni ndugu wa ile ya Nyero, wilayani Kumi, Uganda. Mpaka tunaopangia foleni ulisogezwa huku mwaka 1902 tu.

Hazina hii haina paa. Jua likichoma mwamba kwa miezi kisha mvua kubwa ikaupoza ghafla, jiwe hubanduka magamba na rangi ikaenda nayo. Kilima kikikosa miti, maji huteremka kwa nguvu, hupaka matope juu ya michoro na kuchukua udongo wenye mbegu ambazo bado hazijachimbuliwa. Ukame mrefu na mvua za kishindo ndiyo hali tunayoizoea sasa.

Najua jibu la sokoni: tulinde kwanza matumbo. Sawa. Lakini makaa na kokoto tunazonunua hutoka vilima gani? Mimi nimenunua makaa miaka mingi bila kuuliza, na sidhani niko peke yangu. Serikali tuisute, ila mteja wa mkata miti ni sisi.

Ninachopendekeza ni kidogo. Sehemu ya ushuru wa soko, upande wa Busia na upande wa Tororo, ipande miti ya kienyeji juu ya Kakapel, ichimbe mitaro ya kugeuza maji, na imlipe mlinzi kutoka kijijini. Nyero nayo isisahaulike, kwani Mkataba wa Jumuiya, kifungu cha 119, unazitaka nchi wanachama zishirikiane katika utamaduni. Kaunti hulazimika kusikiliza wananchi kabla ya kupitisha bajeti, na wilaya za Uganda nazo huitisha mikutano ya bajeti. Viongozi wa masoko waende wote, wakiwa na hoja hii kwa maandishi.