Upepo wa Paje na gunia la maharage la Songea

Kila mwaka, mkulima wa Songea anapomaliza kupukuchua mahindi na kuanika maharage, upepo wa kusi unakuwa umeshika kasi katika pwani ya mashariki ya Unguja. Mambo hayo mawili hutokea kati ya Juni na Septemba. Ni wachache mkoani Ruvuma waliowahi kuyaangalia kwa pamoja, ingawa ndani yake imo nafasi ya biashara inayostahili kupigiwa hesabu.

Kijiji cha Paje, Kusini Unguja, kimejulikana duniani kwa mchezo wa kaiti, yaani kuteleza juu ya maji kwa ubao huku mchezaji akivutwa na tiara kubwa inayobebwa na upepo. Mchezo huu si wa zamani. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili hataza ya tiara ya kujazwa hewa mwaka 1984, na mwaka 2024 kaiti ilichezwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, huko Marseille.

Mfanyabiashara anayetaka kuielewa biashara hii aanze na jinsi mgeni anavyopanga safari yake. Jambo la kwanza analotazama ni upepo, bei ya chumba hufuata baadaye. Paje ina misimu miwili: kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, na kaskazi, kuanzia katikati ya Desemba hadi mwanzoni mwa Machi. Upepo unaofaa ni wa noti 15 hadi 20, sawa na kilomita 28 hadi 37 kwa saa. Baada ya hapo mgeni huangalia kupwa na kujaa kwa maji, kwa sababu maji yakipwa sana sehemu kubwa ya mchanga hubaki wazi. Mwisho hutafuta shule ya kaiti, mahali pa kulala na usafiri. Mara nyingi mambo haya hupangwa miezi kadhaa kabla ya safari.

Hapo ndipo penye maana kwa mkulima. Hoteli inayopokea maombi ya vyumba mwezi Machi kwa ajili ya Julai tayari inaweza kukadiria itahitaji chakula kiasi gani. Wakati huohuo, mkulima wa Ruvuma anakuwa ndiyo kwanza anapanda maharage ya mwisho wa mvua. Kwa maneno mengine, mnunuzi na mzalishaji wanaweza kukubaliana kabla mbegu haijaingia ardhini. Ni masoko machache ya mazao yanayotoa nafasi kama hiyo. Kwa kawaida mkulima hulima kwanza, kisha hukaa kando ya barabara akimsubiri mlanguzi aje na bei yake na lumbesa yake.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba fedha ya utalii humfikia kila aliye karibu nayo. Paje yenyewe ni mfano. Kilimo cha mwani cha biashara kilianzishwa huko na katika kijiji jirani cha Jambiani mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mashamba yao ya kamba na vigingi yamo katika maji yaleyale yanayotumiwa na wacheza kaiti, na kugombea nafasi kumekuwapo. Wapo akina mama walioamua kuongeza thamani kwa kutengeneza sabuni ya mwani na kuwauzia wageni. Hao walipata soko kwa sababu walitengeneza kitu ambacho mgeni anaweza kununua. Kuishi jirani na hoteli peke yake hakujamtajirisha mtu.

Je, Songea iuze nini? Jibu la haraka ni mahindi, kwa kuwa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayosifika kwa zao hilo tangu miaka ya 1980. Lakini hesabu ya usafiri inatoa jibu jingine.

Chukulia mfano wa kituo kimoja cha kaiti chenye wafanyakazi 20: walimu, wapishi, walinzi na wasafishaji. Hawa ndio walaji wakubwa wa ugali na maharage, kuliko mgeni mwenyewe. Iwapo kila mmoja atakula nusu kilo ya unga na gramu 150 za maharage kwa siku, katika siku 100 za kusi kituo kitahitaji kilo 1,000 za unga na kilo 300 za maharage. Vituo 20 vya namna hiyo vitahitaji tani 20 za unga na tani sita za maharage.

Kutoka Songea hadi Dar es Salaam kupitia Njombe, Makambako na Iringa ni zaidi ya kilomita 900, kisha mzigo uvushwe kwa chombo hadi Unguja na kupandishwa gari tena hadi Paje. Mwenye lori hutoza kwa uzito wa mzigo. Kilo ya unga na kilo ya maharage hulipa nauli ileile, ilhali kilo ya maharage huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Nauli inayomeza faida ya unga haiwezi kumeza faida yote ya maharage. Zaidi ya hayo, unga wa Songea utapambana na ule unaosagwa Morogoro na Dar es Salaam, karibu kabisa na bandari.

Kwa hiyo, mzigo unaofaa kwa safari hii ni ule wenye thamani kubwa kwa kilo: maharage yaliyochambuliwa, kahawa ya Mbinga iliyokaangwa na kusagwa, asali, na korosho za Tunduru zilizobanguliwa. Mahindi yabaki kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na kwa masoko mengine yanayonunua kwa wingi.

Hata hivyo, maharage hayauziki hotelini kwa sababu tu yametoka Songea. Mpishi hataki gunia lenye ya njano, mekundu na mawe humo humo, kwa kuwa aina hizo haziivi kwa wakati mmoja. Anataka aina moja, uzito wa kweli wa mizani, risiti, na uhakika kwamba mzigo wa Agosti utafanana na ule wa Juni. Vyakula vilivyosindikwa, kama kahawa na asali, vinahitaji pia kukidhi viwango vya Shirika la Viwango Tanzania na matakwa ya mamlaka za Zanzibar. Mkulima mmoja mwenye magunia matano hawezi kubeba yote haya peke yake. Kikundi cha wakulima 30 au chama cha ushirika kinaweza, iwapo wanachama watakubali kupanda mbegu moja na kuuza kwa mizani moja.

Jambo jingine ni malipo. Wanunuzi wa namna hii mara nyingi huomba kulipa baada ya kupokea mzigo. Mfanyabiashara aliyekopa ili kununua maharage atakwama iwapo hakuandikishiana mkataba unaotaja kiasi, bei, tarehe ya kulipa na nani abebe hasara ya njiani. Ni busara pia kuanza na kituo kimoja au viwili, kwa msimu mmoja, kabla ya kukodi lori zima. Wahenga walisema, mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Kikundi kimtume mtu mmoja Paje mapema mwaka huu ujao, aone jikoni wanapika nini na wananunua kwa nani.

Aidha, kalenda ya upepo iheshimiwe. Aprili na Mei, wakati wa masika, baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Mzigo unaofika wakati huo utaishia sokoni kwa bei ya kutupa. Maharage yatakayobaki baada ya kusi yanaweza kusubiri kaskazi ya Desemba, mradi yawe makavu na yahifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa ili yasibunguliwe.

Tahadhari ya mwisho inatokana na mwaka 2020, pale ugonjwa wa korona ulipositisha safari za ndege za kimataifa na kuwaacha wafanyabiashara wengi wa Zanzibar bila wateja. Soko la wageni ni zuri, lakini hukatika ghafla. Mkulima asilipe zaidi ya sehemu ya mavuno yake, na soko la nyumbani asilitupe.

Wapo watakaouliza kwa nini wageni hao wasiletwe Mbamba Bay, ambako nako Ziwa Nyasa lina upepo mkali wa kusini-mashariki katika miezi hiyohiyo. Ni swali la haki, lakini upepo unaozamisha mitumbwi si lazima uwe unaofaa kwa kaiti. Unahitaji kupimwa kwa misimu kadhaa, boti za uokoaji ziwepo, na wavuvi watengewe eneo lao mapema ili yasijirudie ya mashamba ya mwani.

Kazi hiyo ni ya miaka. Maharage ya Juni ni ya msimu huu. Wageni wa kusi wanapanga safari zao miezi mingi kabla upepo haujaanza kuvuma. Mkulima wa Songea naye hana budi kumpata mnunuzi wake kabla ya kushika jembe.