Bi mkubwa ameandikwa wapi?

Mtaani kwetu hapa Uingereza ilibandikwa notisi: halmashauri inafikiria kufunga maktaba, na wakazi watoe maoni yao. Bi mkubwa mmoja, mtu wa Mombasa, ambaye kila Jumatano hukaa pale na wenzake, aliniuliza: "Mwanangu, umeme na mishahara wameviandika. Mimi wameniandika wapi?"

Jibu lipo. Wizara ya Fedha ya hapa ina mwongozo uitwao Green Book, wa kupima faida na hasara za mradi kabla ya fedha kutolewa. Umeandikwa kwa serikali kuu, lakini hata halmashauri huweza kuutumia. Tangu 2021 una nyongeza inayoweka bei kwenye hali ya maisha ya watu. Mtu huulizwa: kwa jumla unaridhika kiasi gani na maisha yako siku hizi, kuanzia 0 hadi 10? Alama moja ikipanda au kushuka, kwa mtu mmoja, kwa mwaka mmoja, huhesabiwa pauni 13,000 kwa bei za 2019.

Tuseme wazee wale 12 wakikosa mahali pa kukutana watashuka nusu alama kila mmoja. Hiyo ni hasara ya pauni 78,000 kwa mwaka.

Wapo watakaosema ni aibu kuupima upweke kwa pauni. Nawaelewa. Lakini kwenye jedwali la hesabu, kisichoandikwa husomeka sifuri, na sifuri haiwezi kushindana na bili ya umeme. Tena tungepima kwa kuuliza nani yuko tayari kulipa kiasi gani, mwenye pesa angesikika zaidi. Kwa kipimo hiki, alama ya mfagiaji ni sawa na ya daktari.

Udhaifu wake ni kwamba ile nusu alama inahitaji ushahidi, na ushahidi ni sisi. Basi notisi kama hiyo ikibandikwa kwenu, msiishie kulalamika WhatsApp. Jazeni fomu: ni nani wanaokwenda, wangapi, mara ngapi kwa wiki, na pakifungwa wataenda wapi. Nanyi wanafunzi, wasaidieni wazee ambao Kiingereza kinawapiga chenga.

Mimi na bi mkubwa tulijaza yake Jumatano iliyopita. Uamuzi bado haujatoka, lakini safari hii ameandikwa.