Simu ikikupa majibu matatu ya swali moja, uandike lipi?

Mwanafunzi akiuliza simu ni watu wangapi walikufa katika Vita vya Maji Maji, atakutana na jambo la kuchanganya. Ukurasa mmoja utasema 75,000. Mwingine utasema 250,000, na mwingine 300,000. Bando linakwisha, na daftari bado jeupe.

Wengi huandika jibu lililo juu kabisa na kufunga simu. Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu. Mwaka 2024 Google ilianza kuweka juu ya kurasa jibu lililotungwa na akili mnemba, ikianzia Marekani kisha nchi nyingine. Jibu hilo ni muhtasari wa yaliyoandikwa na wengine. Linaweza kuwa sahihi, na linaweza kukosea huku likisomeka vizuri.

Kwa nini takwimu zinapishana?

Ile ya 75,000 ilitoka upande wa serikali ya Wajerumani, iliyopigana na babu zetu kuanzia 1905 hadi 1907. Takwimu kubwa zilitolewa baadaye na wanahistoria, akiwemo Gilbert Gwassa, aliyekusanya simulizi za wazee wa kusini miaka ya 1960. Wengi hawakufa kwa risasi. Askari wa Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikaua watu kijiji baada ya kijiji. Wengi wa marehemu wa njaa hawakuandikwa popote, na aliyechoma ghala hakuwa na haraka ya kuwahesabu.

Kwa hiyo jibu zuri si nambari moja. Ni kuandika kwamba makadirio yanapishana, nani alisema nini, na kwa nini.

Jambo hili halikuishia darasani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha. Ukoo wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, bado unalitafuta fuvu lake. Mazungumzo kama haya yataendelea, na watakaokaa mezani kesho ni hawa wanafunzi wa leo.

Sasa, mwanafunzi afanye nini akiwa na simu ya mzazi na bando dogo?

Kwanza, aandike swali kwenye daftari kabla ya kuwasha data. Asiye na swali hupotelea kwenye video.

Pili, atafute kwa maneno kamili. Akiandika "maji" peke yake ataletewa habari za bili na visima. Aandike "Vita vya Maji Maji 1905 njaa Songea". Kisha arudie kwa Kiingereza, kwa sababu mengi ya historia yetu yameandikwa huko.

Tatu, afungue kurasa mbili au tatu na kuuliza kila moja: nani kaandika, lini, na kapata wapi habari hizi? Anwani inayoishia na .ac.tz ni ya chuo, na .go.tz ni ya serikali. Hizo ni dalili nzuri, lakini si kiapo. Tumeona hapo juu kwamba hata serikali huwa na upande wake. Wikipedia nayo ifae kama mlango: mwisho wa makala kuna orodha ya vitabu vilivyotumika.

Nne, alinganishe na kitabu cha kiada. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya shule.

Tano, aandike kwa maneno yake, na pembeni aandike jina la ukurasa na tarehe aliyousoma. Mwalimu akiuliza, atakuwa na la kujibu.

Na wewe mzazi, kazi yako si kununua bando tu. Mwambie mtoto akusomee alichopata, kisha muulize: "Nani kasema?" Swali hilo halihitaji uwe umesoma.

Kama mnaishi Kilwa, Liwale, Mahenge au Songea, mpelekeni pia kwa mzee anayekumbuka aliyosimuliwa na wazazi wake. Naye aulizwe vilevile: aliyasikia kwa nani? Mengine aliyonayo mzee huyo hayajaandikwa kwenye ukurasa wowote, na simu ile ile inaweza kumrekodi leo.